Maji ya Gitel Hurwitz

Wayahudi wa Doringspruit, mji mdogo wa Afrika Kusini, walikuwa kumi na wanne, na kamati zao zilikuwa tisa. Solly Rubinow peke yake aliongoza nne kati ya hizo, na mara mbili kwa mwaka alijiandikia barua rasmi kutoka kamati moja kwenda nyingine, kisha akaijibu kwa heshima zote zinazostahili. Kamati ya elimu ilikuwa bado hai ingawa mwanafunzi wake wa mwisho sasa ana wajukuu huko Australia. Kamati ya wageni haikuwa imempokea mgeni tangu mwaka wa mafuriko, na katika nchi kavu kama ile mafuriko si jambo la kutegemea. Hakuna aliyefikiria kuzivunja. Kuvunja kamati kunataka mkutano, na mkutano unataka akidi.

Moja tu kati ya hizo tisa ilikuwa na kazi ya uhakika, na kazi yenyewe ilizidi kadiri wanachama walivyopungua. Hicho ndicho Chama Kitakatifu, upande wa wanawake, yaani waosha maiti. Mwenyekiti wake kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa Bluma Treger.

Bluma alikuwa mjane wa mnunuzi wa sufu ya kondoo, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke mrefu mwenye sauti ambayo hata mbwa wa mtaa waliitii. Nusu ya mji ilikuwa imepita darasani kwake, na mpaka leo polisi wa barabarani wakimsimamisha hujikuta wanamtajia mito mikubwa ya Afrika. Katika chama hakuingia kwa kuomba. Mama mkwe wake alipofariki, mwenyekiti wa siku hizo alimtazama mikono pale kwenye kikombe cha chai akasema, "Hiyo inafaa. Njoo kesho saa mbili." Usaili ukaisha hapo. Hakuna mshahara, hakuna shukrani. Aliyetendewa hana namna ya kushukuru, na ndiyo maana wazee waliiita kazi hii fadhila ya kweli kuliko zote.

Sheria ya kwanza ya chama ni kwamba unachokiona ndani hakitoki nje. Katika miaka thelathini na mitatu Bluma aliona kila kitu ambacho wanawake wa Doringspruit walikuwa wamekificha chini ya nguo zao nzuri za Sabato. Hakumwambia mtu, na kwa hiyo hayamo humu.

Sheria ya pili inahusu maji. Marehemu akishasafishwa kwa taratibu, upande wa kulia kwanza, akiwa amefunikwa shuka muda wote, humwagiwa ndoo tatu za maji kuanzia kichwani kushuka miguuni. Kila ndoo ni lita nane. Ndoo ya pili lazima ianze kumwaga kabla ile ya kwanza haijaisha, na ya tatu kabla ile ya pili haijaisha, ili maji yawe mkondo mmoja usiokatika, kana kwamba amezamishwa mtoni. Yakikatika, mnaanza upya.

Kuanza upya kunataka lita nyingine ishirini na nne. Doringspruit bomba hutoka maji kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, na siku nyingine hukohoa tu. Kwa hiyo Bluma aliweka madumu ya akiba katika nyumba ya kuoshea, nyuma ya makaburi, na kila Ijumaa aliyabadilisha. Maji ya zamani aliyamwagia mawaridi yake, kisha akajaza mapya. Watu walisifu sana mawaridi hayo. Hawakuuliza yalikuwa yananyweshwa nini.

Ijumaa moja ya Agosti alimwaga maji ya zamani asubuhi na mapema, akafungua bomba, na bomba halikutoa kitu. Akapata madumu mawili kwa jirani, akasema litafutwe la tatu Jumapili. Jumapili hiyo akafariki Dora Kagan.

Basi Jumatatu walikuwa na maji ya mara moja tu, hayana ziada. Mwenzake Gitel Hurwitz alimwaga ndoo ya kwanza. Bluma alikuwa na ya pili. Aliinua mpaka kifuani, na hapo bega lake la kulia, ambalo lilikuwa likimnung'unikia tangu Pasaka, likagoma kabisa. Ndoo ya Gitel ikaisha. Ukapita muda wa kupepesa macho mara mbili, labda tatu, ambapo juu ya Dora Kagan hapakupita maji yoyote. Kisha bega likakubali, ndoo ikapanda, Gitel akamalizia ya tatu, na Bluma akasema kwa sauti yake ileile ya darasani, mara tatu kama ilivyopasa: "Ametakasika."

Zlata Zackheim, aliyekuwa akisoma dua kwa kichwa kwa sababu mtoto wa jicho ulikuwa umeziba macho yote mawili, hakuona. Gitel aliona. Waliangaliana juu ya shuka, wakaendelea na kazi.

Bluma alimpigia simu rabi mmoja wa Johannesburg asiyemfahamu. Rabi alikuwa kijana mpole. Alisema maji yasipokuwepo hayapo, maiti haicheleweshwi, dada amefanya alichoweza na mama yule alizikwa kwa heshima kamili. Bluma alimshukuru, akaweka simu chini akiwa ameudhika sana. Hakuwa amepiga simu ili aambiwe si kitu.

Miezi mitano baadaye Gitel naye akalala kitandani, moyo umechoka. Gitel alikuwa shoga yake wa miaka hamsini. Walikuwa wamegombana juu ya kila jambo lililowezekana katika mji mdogo na wakapatana juu ya yote isipokuwa kiasi cha sukari kwenye samaki wa siki. Bluma alikwenda kila alasiri, akakaa karibu na dirisha.

"Bega lako vipi?" Gitel aliuliza siku moja.

"Lipo."

"Mabega yote yapo. Nakuuliza linainuka?"

"Likitaka."

"Kwa Dora halikutaka."

Lilikuwa neno la kwanza juu ya jambo hilo tangu Agosti. Bluma aliinyoosha shuka ambayo ilikuwa imenyooka tayari.

"Dora alikuwa mtu mpole," Gitel aliendelea. "Hata alipokuwa hai hakulalamika. Wali mbichi alikula, mume yule alikaa naye. Mimi unanijua."

"Nakujua."

"Maji yangu yasikatike, Bluma. Nikioshwa nusunusu nitarudi."

"Urudi ufanye nini?"

"Nikuharibie mkutano wa mwaka."

"Mkutano wa mwaka unajiharibu wenyewe."

Gitel alicheka kidogo, kisha ikambidi apumzike kwa sababu ya kicheko. Alipopata pumzi alisema, "Mpe Hettie ndoo."

"Hettie ana mdomo."

"Nisikilize wewe mwanamke. Hettie ana mabega."

Hettie Lurie alizaliwa Hettie Strydom, binti wa mfuga kondoo, muumini wa kanisa kubwa la mjini lenye mnara. Alimpenda Max Lurie wa duka la vifaa vya shamba, akasoma miaka mitatu, akaulizwa maswali na marabi watatu ambayo nusu ya Wayahudi wa Doringspruit wasingeyajibu, akazamishwa majini awe Myahudi, akaolewa. Max alikufa baada ya miaka sita. Watu walimsubiri Hettie arudi kanisani. Hettie hakurudi. Kila Ijumaa aliwasha mishumaa yake ya Sabato peke yake, na mchana aliuza mikate katika duka lililo mkabala na benki, ambako habari zote za mji zilipita kwake zikatoka zikiwa zimeumuka.

Katika chama alikuwa na miaka kumi na minane, na miaka yote hiyo kumi na minane alikuwa mlangoni. Alipasha maji, alishona sanda kwa mkono bila fundo hata moja kama inavyotakiwa, alisugua sakafu. Kuingia ndani wakati wa kuosha hakuingia. Bluma alikuwa ametoa sababu mara moja, mwaka wa kwanza: Hettie anaongea sana, na kazi hii ni ya kunyamaza. Ndani ya sababu hiyo kulikuwa na sababu nyingine, ambayo Bluma hakuwahi kuitoa hata kwake mwenyewe. Alikuwa amefundisha jiografia miaka ishirini na minane. Alijua vizuri kwamba mipaka haioti ardhini.

"Nitaangalia," alimwambia Gitel.

"Usiangalie. Niahidi."

"Maji yako hayatakatika. Nimekuahidi."

Aliahidi maji. Ndoo hakuiahidi, na wote wawili walilijua hilo.

Tangu siku hiyo kila alfajiri, bomba likitoka, Bluma alijaza ndoo lita nane akasimama nayo karibu na sinki. Wiki ya kwanza iliishia kifuani. Wiki ya pili ikafika kwenye mfupa wa shingo. Wiki ya tatu ikarudi kifuani. Alijaribu kwa mkono wa kushoto akamwagia jiko. Alijaribu kupunguza maji, lita saba, lita sita, kisha akakumbuka kwamba Gitel alikuwa mtu wa kuhesabu. Jirani yake, aliyemwona dirishani, aliwaambia watu kwamba mwalimu Treger ameanza mazoezi ya viungo, na katika umri ule, hongera zake.

Gitel alifariki Jumanne alfajiri ya Februari, siku tisa kabla ya mkutano wa mwaka. Solly Rubinow alipiga simu kwa cheo chake cha mwenyekiti wa mazishi, akasema mtu wa kuchimba ameshaanza na maziko ni saa nane mchana. Bluma alikwenda kwenye nyumba ya kuoshea saa mbili na nusu. Madumu matano yalikuwa yamejaa. Tangu Agosti yalikuwa matano.

Gitel alikuwa ubaoni tayari, chini ya shuka. Bluma hakumtazama usoni bado. Alichukua ndoo moja tupu, akamimina lita nane, akainua. Kifuani. Akaweka chini, akapumua, akainua tena. Kifuani. Nje alisikia hatua za Zlata akipapasa ukuta, na sauti ya Hettie ikimwongoza, "Hapa kuna ngazi, Bi Zlata, na hapa nyingine, na nani huyu aliyeacha jembe hapa, angemuua mtu."

Bluma alitoka, akavuta mlango nyuma yake. Kuna kibaraza kidogo pale nje chenye benchi na bomba la kunawia. Zlata alikaa. Hettie alikuwa tayari anawasha jiko la gesi la kupashia maji.

"Hettie, acha jiko."

"Maji hayajapata moto, Bi Bluma."

"Zlata atayaangalia."

"Kwa macho gani?" alisema Zlata.

"Kwa masikio. Yakichemka utasikia." Bluma alibaki amesimama. Angeweza kusema amechoka. Angeweza kusema Gitel aliagiza, na ingekuwa kweli, na ingetosha. "Bega langu haliinui tena ndoo. Limekataa tangu mwaka jana. Kwa Dora Kagan maji yalikatika mikononi mwangu, na maji mengine hayakuwepo kwa sababu niliyamwagia maua. Nikasema ametakasika. Nikanyamaza."

Zlata aligeuza uso wake ilikotoka sauti.

"Najua," alisema Hettie.

"Unajuaje? Gitel alikwambia?"

"Gitel hakuniambia kitu. Mimi nilikuwa hapa." Akaonyesha mahali pake, kando ya kizingiti, ambapo saruji ilikuwa imelika kidogo. "Maji yana mlio, Bi Bluma. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, unakuwa mlio mmoja mpaka mwisho. Miaka kumi na minane nimeusikiliza nyuma ya mlango huu. Siku ile ulikatika. Nikahesabu, moja, mbili, ukarudi."

Jiko la gesi lilikuwa linavuma. Bluma alikaa kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya kazi.

"Ulimwambia nani?"

"Kama ningemwambia mtu ungekuwa umeshaulizwa sokoni."

Habari iliyopita kwa Hettie ilifika nyumbani kwa Bluma kabla ya mkate kupoa, siku zote. Hii ilikuwa imekaa miezi sita. Bluma alitafuta neno la kusema, na maneno aliyoyapata yote yalikuwa madogo au yamechelewa miaka kumi na minane.

"Ingia ndani," alisema mwishowe. "Unashika ya kwanza na ya tatu. Zlata ya pili."

"Mimi sioni," alisema Zlata.

"Nitakugusa kiwiko. Nikikugusa, mwaga."

"Na dua?"

"Nitasoma mimi," alisema Bluma. "Si nina mdomo."

Walinawa mikono, wakaingia. Ndani hawakusema neno ambalo kazi haikulihitaji. Walimwita Gitel kwa jina lake na la baba yake, wakamwomba radhi kabla ya kumgusa. Walimsafisha kwa maji ya uvuguvugu, upande wa kulia, kisha wa kushoto, kila sehemu ikifunuliwa na kufunikwa. Hettie hakuhitaji kuelekezwa. Hakupitisha kitu juu ya marehemu, alizunguka, hakumpa mgongo. Bluma, aliyekuwa amejiandaa kumsahihisha, hakupata nafasi. Mtu akisikiliza miaka kumi na minane nyuma ya mlango hujifunza hata mahali pa kusimama.

Kisha zikaja ndoo. Bluma aliiweka ya tatu juu ya kigoda, usawa wa nyonga ya Hettie, akasimama kati ya wanawake wawili, mkono wake wa kushoto tayari nyuma ya kiwiko cha Zlata. Hettie aliinua ya kwanza kama mtu anayempandisha mtoto begani. Maji yakaanza, kichwani kwa Gitel, yakashuka. Bluma alitazama mdomo wa ndoo. Aliona maji yakiwa mazito, kisha yakiwa membamba. Akagusa kiwiko. Maji ya Zlata yakaingia ndani ya maji ya Hettie, ukawa mlio mmoja. Hettie akashusha, akageuka, akakuta kigoda pale alipokitarajia, akainua. Bluma alikuwa amefumba macho. Hakujua aliyafumba lini. Alisikiliza tu, na mlio haukukatika, na haukukatika, mpaka kwenye miguu, mpaka tone la mwisho kwenye mfereji wa sakafuni.

"Ametakasika," alisema. Akarudia mara ya pili, kisha ya tatu.

Walimkausha, wakamvika sanda aliyoishona Hettie. Walifunga mshipi kwa vitanzi bila fundo. Mwisho walisimama kuomba radhi kwa pamoja, kwa lolote walilomkosea wakati wa kumhudumia, na Bluma alikaa miguuni pa Gitel muda mrefu kuliko dua ilivyohitaji. Hakuna aliyemharakisha.

Nje walinawa tena bila kufuta mikono. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Zlata alisema anataka chai, Solly aje amchukue. Hettie alikuwa anaitazama mikono yake ikikauka.

"Bi Bluma, nina swali, si la leo."

"Uliza."

"Katika chama mimi ndiye mdogo. Sitini na tatu. Bi Zlata nitamwosha mimi. Wewe nitakuosha mimi, Mungu akuweke. Na mimi?"

Darasani Bluma hakuwahi kuacha swali bila jibu. Kama hakulijua, aliuliza swali jingine. Sasa alisema, "Sijui."

"Haya," alisema Hettie. "Nilitaka kujua kama unajua."

Siku tisa baadaye ilikuwa tarehe ambayo, kwa desturi, waosha maiti hufunga mchana kutwa, huenda makaburini kuwaomba radhi wote waliowahudumia, kisha jioni hula pamoja na kuchagua viongozi. Bluma alisimama mbele ya kaburi la Dora Kagan akamwambia yote, kwa sauti, Zlata na Hettie na Solly wakisikia: ndoo, bega, mawaridi. Solly, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alivua kofia, akakumbuka kwamba hapaswi kuvua kofia, akairudisha. Dora hakulalamika.

Mkutano ulifanyika nyumbani kwa Bluma juu ya samaki wa siki, wenye sukari nyingi mno, kama alivyotaka Gitel. Bluma alijiuzulu. Alimpendekeza Hettie Lurie. Zlata aliunga mkono akiwa ametafuna nusu ya yai. Solly, kwa niaba ya kamati mama, alitaka kujua kama akidi imetimia, akaambiwa ale.

"Nakubali," alisema Hettie. Halafu, kwa kuwa alikuwa Hettie, aliongea dakika ishirini juu ya hali ya sakafu, bei ya kitani na jembe lile ambalo bado halijaondolewa.

Bluma alimwacha amalize. Kisha akaleta karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza, wakasogeza sahani. Ilikuwa ramani. Alikuwa ameichora kwa siku tisa, kwa wino, kwa kipimo kamili. Juu kushoto kulikuwa na barabara ya kutoka Bloemfontein, ambako chama cha wanawake kilikuwa kimejibu barua yake kwamba ndiyo, wakiitwa watakuja kuosha, ila hawaijui njia. Ramani iliwashusha kwenye daraja la mto usio na maji, ikawapitisha duka la mikate, ikawageuza kushoto kwenye kanisa lenye mnara. Ilionyesha lango la makaburi na jiwe ambalo ufunguo hukaa chini yake. Ilionyesha nyumba ya kuoshea kwa ndani: ubao, kigoda, ndoo tatu, sanduku la sanda. Pembeni mwa bomba ziliandikwa saa za maji.

Hettie aliifuata njia kwa kidole, kutoka darajani mpaka kwenye ubao.

"Wataniitaje?" aliuliza. "Ile ya kuomba radhi. Wao hawanijui."

Bluma alishachukua kalamu. Chini kulia, mahali ambapo ramani huwekewa ufunguo wa alama, aliandika jina ambalo Hettie alipewa siku aliyotoka majini mbele ya marabi watatu, jina ambalo hakuna mtu mjini aliyewahi kumwita nalo: Avigail, binti Abrahamu na Sara. Alilipulizia wino ukakauka. Kisha akafikiri kidogo, akainama tena, na chini ya jina, kwa herufi ndogo zilizo wazi, akaongeza agizo moja kwa yeyote atakayekuja: maji ya zamani yasimwagwe kabla mapya hayajajaa.